Umeruhusiwa baada ya upasuaji: ile karatasi inasema nini, na kwa nini?

Nesi wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Kuna karatasi ambayo kila mgonjwa anaondoka nayo siku ya kuruhusiwa, na wengi wanaikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma. Siwalaumu. Imejaa amri: usinyanyue vitu vizito, usiloweshe kidonda, meza dawa kama ulivyoelekezwa, rudi ukiona hali isiyo ya kawaida. Hiyo hali isiyo ya kawaida ndiyo ipi? Mtu aliyepasuliwa juzi, mwili mzima unamuuma, atajuaje kipi cha kawaida na kipi si cha kawaida? Na amri isiyo na sababu inavunjwa siku ileile mtu akijisikia nafuu.

Kwa hiyo nitaweka sababu. Nawazungumzia watu wazima waliofanyiwa upasuaji wa kawaida wa tumbo: ngiri, kidole tumbo, mfuko wa nyongo, kujifungua kwa upasuaji na mfano wa hayo. Daktari wako akikuambia tofauti na mimi, mfuate yeye. Ndiye aliyeliona tumbo lako kwa ndani.

Naanza na maumivu kwa sababu hapo ndipo watu wanapoharibu zaidi. Wengi wanachukulia dawa ya maumivu kuwa ya kumbembeleza mgonjwa, kwamba aliye ngangari anaweza kuiacha. Siyo hivyo. Mtu mwenye mshono tumboni unaomuuma hapumui mpaka chini, anapumua juu juu. Hakohoi, kwa sababu kukohoa kunamtonesha. Zile sehemu za chini za mapafu zinasinyaa, makohozi yanatuama, na baada ya siku chache unamkuta na nimonia. Huyohuyo hataki kugeuka kitandani wala kusimama, damu ya miguuni inatembea pole pole, na damu isiyotembea inaelekea kuganda. Kwa hiyo dawa ya maumivu unapewa kwa ajili ya mapafu na miguu kuliko hata kwa ajili ya kidonda. Kipimo ninachowapa wagonjwa ni hiki: kumbatia mto tumboni, vuta pumzi ndefu, kohoa. Ukiweza, dawa inatosha. Ukishindwa haitoshi, sema uongezewe au ubadilishiwe, usijitie ushujaa.

Sasa dozi. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, viwili viwili, na kati ya dozi na dozi zisipungue saa 4. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe sana au mtu mwenye uzito chini ya kilo 50 aulize, kwake kiwango hushushwa. Mtego uko hapa: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Unameza za hospitali, unapata kamafua, unaongeza za mafua, umeshapitiliza bila kujua. Na ini halipigi kelele siku ya kwanza. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa wakati linaharibika.

Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu wa ukoo mmoja, usimeze zote mbili kwa pamoja. Meza ukiwa umekula. Ukiwa na vidonda vya tumbo au shida ya figo, taja kabla hujaandikiwa. Zile kali kama tramadoli na mofini zinaleta usingizi na zinafunga choo, na kujikamua chooni ukiwa na mshono ni adhabu. Ukipewa hizo, uliza papo hapo kuhusu dawa ya kulainisha choo, usisubiri siku ya nne.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

Fundi Saa

Mkuu, uzi mzuri. Mimi nilitolewa kidole tumbo. Asubuhi nimepasuliwa, jioni nesi ananiambia shuka kitandani tutembee. Nilimwona katili kweli. Hofu yangu ilikuwa nyuzi zitafumuka. Hivi ni lazima siku hiyohiyo?

Nesi wa Zamu

Fundi, huyo nesi alikuwa upande wako.

Zamani ilikuwa ukipasuliwa unalazwa chali siku nyingi, na chakula unakaa nacho mbali mpaka utumbo "uamke". Miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alianza kuyahoji hayo yote kwa pamoja: kwa nini tunamlaza, kwa nini tunamnyima chakula, kwa nini tunamwachia mipira mwilini siku kadhaa? Wagonjwa waliotuliziwa maumivu vizuri, wakala mapema na kutembea mapema, walirudi nyumbani haraka kuliko wale wa utaratibu wa zamani. Siku hizi wodi nyingi duniani zinafuata njia hiyo.

Kuhusu nyuzi: ukuta wa tumbo unashonwa kwa tabaka. Zile unazoziona juu ya ngozi ni za mwisho kabisa, chini yake kuna nyuzi imara zaidi kwenye utando unaobeba tumbo. Kutembea hakuzifumui. Kinachozitesa ni msukumo wa ghafla kutoka ndani, kama kunyanyua mzigo, kujikamua chooni, au kuinuka kitandani kwa kukaza tumbo. Kuinuka kuna namna yake: geuka ulale ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mikono. Tumbo libaki limelegea.

Mizigo mizito, kwa upasuaji wa tumbo wa kufunguliwa, mara nyingi utaambiwa wiki 4 hadi 6. Kovu linajengwa taratibu sana. Ngozi inafunga kwa wiki moja au mbili, halafu mwili unaendelea kuzipanga upya nyuzinyuzi za ndani kwa miezi, hata mwaka na zaidi, na mwisho wa yote kovu linafikia kama asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya awali. Kwa hiyo wiki ya tatu, pale unapojiona umepona na mtu anakuomba umshikie kabati upande mmoja, jibu ni hapana.

Na damu kuganda usiifunge na siku za hospitali. Hatari hiyo inaendelea mpaka kama wiki 12 baada ya upasuaji mkubwa. Mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, shavu la mguu kuuma na kuwa la moto: hospitali siku hiyohiyo. Kifua kuchoma ukivuta pumzi, pumzi kukata ghafla, kukohoa damu: hiyo ni dharura, usiku au mchana.

Bi Kimya

Dada nesi, naomba niulize, maana niliona aibu kumwuliza daktari. Nilitolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu. Tumbo haliumi sana, ila BEGA la kulia jamani! Nilijua wameniangusha nikiwa nimelala nusu kaputi.

Nesi wa Zamu

Pole, na hawakukuangusha. Kwenye upasuaji wa matundu tumbo linajazwa hewa ya kabonidioksaidi ili lipae kama hema na kamera ipate nafasi ya kuona. Inayobaki inapanda chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Neva ya kiwambo inatokea shingoni, jirani kabisa na neva za bega, kwa hiyo ubongo unapokea taarifa ya kiwambo na kuisoma kuwa ni bega. Mwili unainyonya hewa hiyo na kuitoa kwa pumzi, na maumivu yanaisha ndani ya siku chache. Kutembea kunasaidia.

Ila usiyatupe maumivu yote kwenye kapu la hewa. Bega likiambatana na pumzi kukata, au tumbo likazidi kuuma badala ya kupungua, au ukaona macho yanakuwa ya manjano, rudi. Kwa mtu aliyetolewa nyongo hilo la macho halisubiri miadi.

Mzee wa Pembeni

Mnawasomea watu sayansi tu hapa. Mimi malalamiko yangu ni njaa. Nimeambiwa nisile wala kunywa tangu saa sita usiku, nikaingizwa chumba cha upasuaji saa tisa mchana. Midomo imekauka, kichwa kinagonga. Hiyo nayo ina sababu?

Nesi wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Ina sababu, na una haki ya kulalamika, yote mawili.

Ukilazwa usingizi wa dawa, ile kinga ya koo inayozuia vitu kuingia kwenye mapafu inalala nayo. Tumbo likiwa na kitu kinaweza kupanda na kushukia mapafuni, kikiwa na tindikali yake. Mwaka 1946 daktari Mmarekani Curtis Mendelson aliandika juu ya akina mama wa uzazi waliopatwa na hilo wakiwa kwenye usingizi wa dawa, na tangu hapo kufunga kukawa sheria kila mahali.

Lakini maji hayakai tumboni kama chakula. Miongozo ya sasa kwa mtu mzima asiye na matatizo mengine inasema chakula kiachwe saa 6 kabla, na vinywaji angavu visivyo na maziwa, kama maji, vinaruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Ile ya "tangu saa sita usiku" ni rahisi kwa wodi, kwa sababu orodha ya chumba cha upasuaji inabadilika na hakuna anayejua zamu yako itafika lini. Kwa mgonjwa wa mchana ni mateso yasiyo ya lazima. Siku nyingine uliza hivi: "Mimi ni wa saa ngapi, na maji naruhusiwa mpaka saa ngapi?" Usijiamulie mwenyewe, maana wenye kisukari, wajawazito na wanaotumia baadhi ya dawa hesabu yao ni nyingine. Na ukiwa umekula kwa bahati mbaya, SEMA. Upasuaji kuahirishwa ni usumbufu tu. Chakula kwenye mapafu ni jambo la kufa na kupona.

Mzee wa Pembeni

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Hakuna aliyeniambia habari ya mapafu, ningevumilia kwa moyo mmoja.

Mama Pacha

Mimi ndiye ninayemhudumia mume wangu, kaenda na ngiri, karudi jana. Kidonda kimefunikwa. Naogopa hata kukigusa. Aoge lini? Na jirani ameniletea spiriti, anasema nikisafishe asubuhi na jioni.

Nesi wa Zamu

Mrudishie jirani spiriti yake na umshukuru.

Saa 48 za kwanza acha kilivyofunikwa, isipokuwa bandeji ikilowa damu au iking'oka. Katika muda huo kingo za ngozi zinajifunga kwa utando mwembamba. Baada ya hapo maji safi yanayotiririka hayana neno: aoge kwa kumwagia, sabuni isisuguliwe juu ya mshono, akaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi. Kujiloweka kwenye beseni au kuogelea kungoje mpaka kidonda kifunge kabisa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zinaunguza chembe changa zinazojaribu kuziba hapo, kwa hiyo unapigana na mwili wenyewe.

Kuhusu kuogopa kugusa: nawa mikono kwa sabuni, basi. Vidonda vingi vinachafuliwa na mikono ya wapenda kuchungulia. Kama hakuna sababu ya kufungua, usifungue.

Cha kawaida siku za mwanzo: wekundu mwembamba kwenye mstari wa mshono, uvimbe kidogo, kuwasha, majimaji mepesi ya manjano yanayopungua kila siku. Kwa ngiri ya kinena, michubuko na uvimbe vinaweza kushuka mpaka kwenye korodani, akishtuka mwambie ni damu inafuata mteremko. Kisicho cha kawaida: wekundu unaotambaa kwenda mbali na mshono (zungushia kalamu ukingoni mwake, kesho utajua kama umevuka mstari), joto, usaha, harufu, kingo kuachana, homa ya 38 na zaidi, au maumivu yaliyokuwa yanapungua yakageuka yakaanza kupanda. Hili la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Maambukizi ya kidonda mara nyingi hayaonekani siku ya kwanza wala ya pili, yanajitokeza siku kadhaa baadaye, na kidonda kinafuatiliwa kwa hesabu ya siku 30. Ukiwa umewekewa kitu cha kudumu mwilini, kama chuma cha nyonga, ni zaidi ya hapo.

Fundi Saa

Na antibiotiki? Mimi sikuandikiwa hata kidonge, nikadhani wamebana matumizi.

Nesi wa Zamu

Ulichomwa sindano yake kabla hujakatwa, kwenye dripu, hukujua. Dawa inatakiwa iwe tayari kwenye damu wakati kisu kinapita. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2016 linataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata, na linakataza kuiendeleza baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu. Kama kidole tumbo kingekuwa kimepasuka, hiyo ingekuwa tiba, siyo kinga, na ungeondoka na dozi. Mwongozo huohuo unakataza wembe: usijinyoe mwenyewe nyumbani usiku wa kuamkia upasuaji. Wembe unaacha vijikato usivyoviona, na vijidudu vinahamia humo. Ikibidi nywele zitolewe, watazipunguza kwa mashine.

Mfamasia Mstaafu

Nesi, umefanya kazi nzuri, niruhusu niongeze mawili uliyoyaruka.

La kwanza ni mkojo. Baada ya ganzi ya mgongo, au upasuaji wa ngiri, hasa kwa wanaume wenye tezi dume iliyokua, kibofu kinaweza kugoma. Mtu anafika nyumbani, anakunywa maji kwa bidii, zinapita saa 6 mpaka 8 hajakojoa na tumbo la chini limekaza. Huyo arudi, asisubiri asubuhi. Kibofu kikivutwa kupita kiasi kinachelewa sana kurudi kazini.

La pili ni dawa zake za siku zote. Utaona karatasi imeorodhesha dawa mpya tu. Zile za presha, za sukari, za kuzuia damu kuganda, zilizosimamishwa kwa ajili ya upasuaji, nani kasema zirudishwe lini? Watu wawili wanakosea hapa: mmoja anazianza zote usiku huohuo akatokwa damu, mwingine anakaa miezi hajazigusa akingoja kuambiwa. Ingia na orodha yako, toka na orodha ileile ikiwa na tarehe pembeni ya kila dawa. Na za mitishamba zitajwe vilevile. Baadhi zinaifanya damu iwe nyepesi, na daktari hawezi kukisia.

Nesi wa Zamu

Mzee umenimaliza, hasa hilo la orodha. Niongezee jambo moja kwa wahudumu kama Mama Pacha: muuguzi akimaliza kukueleza, usiitikie "nimeelewa". Mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo hii nampa asubuhi na usiku, hii anaanza Jumatatu, akiona hivi tunarudi." Ukiteleza atakurekebisha palepale. Sisi wenyewe tunafundishwa tuwaombe mfanye hivyo, lakini wodi ikijaa tunasahau.

Mama Pacha

Asante sana. Swali dogo: alichomwa ile ya mgongo. Tangu asubuhi kichwa kinamuuma akikaa, akilala kinaacha. Ni uchovu?

Nesi wa Zamu

Hicho kinachoacha akilala na kurudi akikaa kina asili yake. Sindano ilipopita kwenye utando wa uti wa mgongo inaweza kuacha kitundu, maji yanayouzunguka ubongo na uti yanavuja, na ukisimama ubongo unakosa mto wake. Kingi kinaisha chenyewe kwa kupumzika, kunywa vya kutosha na dawa za kawaida za maumivu. Kikimzuia kukaa au kula, wapigie leo, kuna tiba: wanachukua damu yake mwenyewe mkononi na kuidunga karibu na pale pale mgongoni, iende ikazibe. Lakini kikija na homa, shingo kukakamaa, kuona maruwiruwi au miguu kufa ganzi upya, msipige simu, nendeni.

Na kwa kuwa ni siku ya pili tu, kwa yeyote aliyelazwa usingizi au kupewa dawa za kusinziza: saa 24 za kwanza asiendeshe gari, asiguse mashine, asinywe pombe, asisaini mkataba wowote, na awe na mtu mzima pembeni. Atajiona timamu. Ndugu zake ndio wataona anauliza swali moja mara tatu.

Bi Kimya

Mimi nina la mwisho. Walisema wanapeleka mfuko wa nyongo maabara. Sasa wiki zimepita, sijaambiwa kitu. Kimya maana yake ni salama, si ndiyo?

Nesi wa Zamu

Hapana, Bi Kimya. Kimya kinaweza kuwa salama, na kinaweza kuwa jibu limekaa kwenye faili ambalo hakuna aliyelifungua. Sehemu kubwa ya vinavyopelekwa maabara kutoka kwenye mfuko wa nyongo hurudi havina tatizo, lakini sababu ya kuvipeleka ni wale wachache. Piga simu au nenda na namba yako ya faili, uliza mambo matatu: jibu limetoka, daktari gani amelisoma, na linasema nini. Omba nakala yako. Kwa ambao hamjaruhusiwa bado, mkisikia neno "kinyama" (kipande kilichotolewa mwilini kikapimwe) au "maabara", andikeni kwenye ileile karatasi tarehe ya kufuatilia na jina la mtu wa kumwuliza kabla hamjatoka mlangoni.

Bi Kimya

Naenda Jumatatu asubuhi. Nitaleta mrejesho hapahapa.